Kipimo cha Tovuti Kimefungwa: Sasa Utajuaje Kama Duka Lako Linafaa kwa Simu?

Desemba 2023, simu nyingi zilizopigwa kwa dawati letu la wafanyabiashara zilikuwa na swali moja. Watu walioweka kitufe chetu cha malipo kwenye tovuti zao waliuliza mbona ule ukurasa wa kupima tovuti tuliowapa haufanyi kazi tena. Mama mmoja anayeuza mapazia na mashuka kule Nakuru alilisema kwa ufupi kuliko wote: "Mwanangu, ile kitu yenu ya kupima imekufa. Sasa nitajuaje kama duka langu liko sawa?"

Kusema kweli haikuwa yetu. Ilikuwa ya Google, ikiitwa Mobile-Friendly Test, na ni kweli ilikuwa imefungwa. Lakini sisi ndio tulioiandika kwenye mwongozo wetu, kwa hivyo swali la mama lilikuwa letu kujibu. Jibu letu la kwanza halikuwa zuri. Hapa tunaeleza tulikosea wapi, tulijifunza nini, na jinsi unavyoweza kupima duka lako leo, hata kama hujawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo. Na kama wewe huna duka, unalipa tu, usiondoke. Kuna sehemu yako huko mwisho.

Kile kipimo kilikuwa na kazi gani?

Google ilikileta mwaka 2014, wakati ambapo watu wengi walikuwa wanafungua tovuti kwa simu na kukuta maandishi kama chungu. Tarehe 21 Aprili 2015, Google ikaanza kuzingatia jambo hilo katika kupanga matokeo ya utafutaji kwenye simu. Tovuti isiyosomeka kwa simu ingeweza kusukumwa chini.

Matumizi yake yalikuwa rahisi. Unabandika anwani ya tovuti, unasubiri kidogo, unapata jibu moja: inafaa kwa simu, au haifai. Kama haifai unaambiwa sababu: maandishi ni madogo mno, vitufe vimekaribiana sana, ukurasa ni mpana kuliko skrini, na kadhalika.

Kwa mtu ambaye si fundi wa kompyuta, hiyo ilikuwa silaha. Fundi wa tovuti akikuambia "nimemaliza, nitumie balance", unapima mwenyewe kabla hujatoa shilingi. Ikitoka nyekundu, mnarudi mezani. Ndiyo maana kufungwa kwake kuliwauma wenye maduka madogo kuliko makampuni makubwa. Kampuni kubwa ina mafundi wake. Mama wa mapazia ana simu yake na macho yake.

Google ilitangaza mapema mwaka huo, Aprili 2023, kwamba itakifunga pamoja na ripoti iliyofanana nacho ndani ya Search Console. Sababu waliyotoa ni kwamba tangu kipimo kile kianze, njia nyingine nyingi za kupima zimejitokeza, na wakataja Lighthouse, ambayo imo ndani ya kivinjari cha Chrome. Tangazo lilikuwepo miezi mingi. Sisi tuliliona, tukasema tutashughulikia, tukaendelea na kazi zingine. Si unajua vile hiyo huenda.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo, tarehe 30 Septemba, Google ilikuwa imefunga Google Optimize, chombo cha kulinganisha kurasa mbili ili kuona ipi inauza zaidi. Kabla yake kulikuwa na Website Optimizer, iliyofungwa mwaka 2012. Kitu cha bure cha mtu mwingine ni kama kivuli cha mti wa jirani: kaa, pumzika, lakini usijenge kibanda chako hapo.

Kosa letu: tulibadilisha jina tu

Wafanyabiashara walipoanza kupiga simu, tulifanya kitu cha haraka. Tukafungua mwongozo, tukafuta jina la zamani, tukaandika "Lighthouse", na chini yake tukaongeza: "Hakikisha umepata alama 90 na zaidi." Tukaona tumemaliza.

Shida ni kwamba vitu hivi viwili havijibu swali moja. Kile cha zamani kilisema ndiyo au hapana. Lighthouse inakupa alama kutoka 0 hadi 100 katika mambo manne: kasi, urahisi wa kutumiwa na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, kufuata taratibu nzuri za utengenezaji, na kuonekana kwenye utafutaji. Alama 0 hadi 49 ni nyekundu, 50 hadi 89 ni ya machungwa, 90 kwenda juu ni kijani. Baadhi ya mambo ya zamani, kama kuhakikisha ukurasa unajua upana wa skrini, bado yanaangaliwa humo ndani, ila hayana jibu lao peke yake.

Sisi Wakenya tukiona alama juu ya mia, tunawaza KCSE. Watu wakaanza kutafuta A.

Wiki chache baadaye mama wa mapazia akapiga tena. Fundi wake alikuwa amehangaika sana na alama ya kasi. Mwishowe akaona njia ya mkato: akaondoa picha nyingi. Kila pazia likabaki na kapicha kamoja kadogo na maelezo ya maneno. Alama ikaruka kutoka nyekundu hadi kijani. Mama akafurahi siku mbili.

"Mwanangu," akatuambia, "alama zimepanda lakini oda zimeshuka. Watu wananipigia kuuliza kama hiyo maroon ni maroon ya kweli ama ni nyekundu. Wengine hawaulizi, wanaenda tu."

Hapo ndipo tulipokaa chini. Mama alifuata maagizo yetu neno kwa neno, na maagizo yetu yakamtoa wateja. Kazi yetu haikuwa kumtafutia mama alama. Ilikuwa kumsaidia mteja wake aone pazia, aamue, alipe, apate risiti. Alama ni dalili tu, kama kipimajoto. Ukikitia kwenye maji ya baridi kitashuka, lakini homa ya mgonjwa iko palepale.

Kipimo kipya kinaangalia nini hasa?

Tulianza upya, safari hii kwa kusoma kwanza. Haya ndiyo unayohitaji kujua.

Lighthouse yenyewe inaendeshwa ndani ya Chrome ya kompyuta. Kama una simu peke yake, tumia PageSpeed Insights, pia ya Google na ya bure. Inatumia Lighthouse kwa ndani, na inafunguka kwenye kivinjari cha simu. Unabandika anwani, unasubiri.

Utaona sehemu mbili. Moja ni ya majaribio: mashine inafungua ukurasa wako ikijifanya simu ya hali ya wastani kwenye 4G ya polepole. Ukirudia mara tatu unaweza kupata alama tatu tofauti, kwa sababu mtandao na mashine havitulii. Usiite fundi usiku kwa sababu 84 imekuwa 79.

Sehemu ya pili ni ya watu halisi: jinsi ukurasa ulivyowafungukia watumiaji wa Chrome katika siku 28 zilizopita. Kama duka lako lina wageni wachache, utaambiwa hakuna data ya kutosha. Hiyo si kosa lako, wala si adhabu.

Kwa watu hao halisi, kuna mambo matatu yanayopimwa:

Kwanza, kitu kikubwa zaidi kwenye skrini, mara nyingi picha, kinachukua muda gani kuonekana. Lengo ni sekunde 2.5 au chini.

Pili, ukigusa kitufe, ukurasa unachukua muda gani kuitikia. Lengo ni milisekunde 200 au chini, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Kipimo hiki nacho kilichukua nafasi ya kingine tarehe 12 Machi 2024. Kwa hivyo hata ndani ya hiki kipya, mambo bado yanasogea.

Tatu, vitu vinaruka-ruka kiasi gani wakati ukurasa unafunguka. Lengo ni 0.1 au chini. Hili unalijua hata kama hulijui kwa jina. Unataka kugusa "Ondoa", tangazo linachomoza, kila kitu kinasukumwa chini, kidole kinatua kwenye "Lipa". Kwenye tovuti ya habari hilo ni kero. Kwenye malipo ni pesa.

Na kuhusu picha: dawa ni kupunguza uzito, si kuondoa picha. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa na megabaiti 3 au 4. Ukiweka ishirini za aina hiyo, mteja anakuchukia kabla hajaona bei, kwa sababu umemmalizia bando. Mwambie fundi azipunguze zilingane na upana wa skrini ya simu, azihifadhi kwa muundo mwepesi kama WebP, na zile za chini zisipakiwe mpaka mteja ateremke. Rangi ya maroon itabaki maroon.

Jambo ambalo hakuna kipimo kilituonyesha

Tulipomaliza kurekebisha mwongozo, tuliamua kununua kitu sisi wenyewe. Tulichukua ukurasa mmoja wa majaribio wenye alama ya kijani kote, tukauweka kwenye simu ya bei nafuu yenye nafasi ndogo ya kumbukumbu, tukazima WiFi ya ofisi, tukanunua bidhaa ya shilingi 10.

Tukagusa "Lipa Sasa". Ombi la PIN likaja. Tukaweka PIN. Ujumbe ukaingia, tukaufungua kuusoma. Tuliporudi kwenye tovuti, ukurasa ulikuwa umejifungua upya kutoka mwanzo, na kitufe cha "Lipa Sasa" kikatutazama kana kwamba hatujawahi kukigusa. Mwenzetu mmoja, bila kufikiri, akakigusa tena. PIN tena. Ujumbe wa pili ukaingia. Shilingi 20 zimeenda kwa bidhaa moja ya shilingi 10.

Sababu yake ni ya kawaida. Simu yenye kumbukumbu ndogo haiwezi kushikilia vitu vingi kwa wakati mmoja. Ukitoka kwenye kivinjari kwenda kusoma SMS, simu inaweza kuutupa ule ukurasa ili ipate nafasi. Ukirudi, unafunguka upya. Kama tovuti haikuandikwa ikumbuke oda yako, inakuona kama mgeni mpya.

Kwetu ilikuwa shilingi kumi. Kwa mteja wa mapazia inaweza kuwa elfu nne na mia tano, mwisho wa mwezi, kabla ya karo. Na ule ukurasa ulikuwa na kijani kote. Kipimo hakikudanganya: kiliulizwa kama ukurasa unafunguka haraka, kikasema ndiyo. Hakikuulizwa kama mtu anaweza kununua bila kuumia. Lighthouse inafika mlangoni, inaangalia duka, inatoa alama. Hainunui.

Tangu siku hiyo tunamwambia kila mfanyabiashara amuulize fundi wake swali moja: "Mteja akitoka kwenda kusoma SMS halafu arudi, ataona nini?" Jibu sahihi ni kwamba tovuti ikifunguka upya inauliza kwanza kama oda hiyo tayari ina malipo. Kama yapo, inaonyesha risiti. Kama bado, inaandika kwa maneno yanayoeleweka, mfano "Tunasubiri uthibitisho, usilipe tena", na kitufe kinazimwa kwa muda.

Jinsi tunavyopima sasa

Huu ndio utaratibu ulioingia kwenye mwongozo wetu mpya. Unachukua kama nusu saa.

1. Pima kwa PageSpeed Insights mara tatu. Chukua alama ya katikati. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Daftari halifungwi na mtu wa California.

2. Tafuta simu ya bei nafuu ya mtu wa nyumbani. Zima WiFi, tumia data ya kawaida. Toka nje juani, maana wateja wako wengi hawako ofisini.

3. Shika simu kwa mkono mmoja, tumia kidole gumba. Je, unaweza kugusa kila kitufe bila kugusa cha jirani? Ile alama ya kupiga gumzo inayoelea pembeni, imeketi juu ya kitufe cha kulipa? Kibodi ikitokea, inafunika mahali pa kuandika nambari ya simu?

4. Nunua kitu cha shilingi 10 mpaka mwisho, hadi risiti.

5. Nunua tena, lakini haribu makusudi. Kataa kuweka PIN. Weka PIN isiyo sahihi mara moja tu, usije ukafungiwa. Liache ombi la PIN liishe muda. Toka katikati, urudi. Kila mara soma tovuti inasema nini. "Error" si maelezo. Mteja anataka kujua kitu kimoja: pesa yangu imeenda au haijaenda?

6. Mpe simu mtu asiyejua duka lako, shangazi au jirani, umwambie anunue. Kisha nyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote. Pale anaposimama na kukuangalia usoni, hapo ndipo pana shida.

Rudia kila fundi anapobadilisha kitu, hata kama amesema ni kitu kidogo.

Hatua ya kwanza peke yake ndiyo inayotegemea chombo cha mtu. Kesho nayo ikifungwa, tutatafuta nyingine na kuiweka hapo. Hatua tano zilizobaki zitaendelea vilevile.

Na wewe unayelipa tu?

Kuna mambo manne ya kubeba.

Tovuti ikikwambia ulipe tena, soma SMS kwanza. Kama ujumbe wa malipo umeingia, pesa imeenda, hata kama tovuti inajifanya haijui. Usiguse kitufe. Mpigie mwenye duka ukiwa na nambari ya muamala. Na kama umeshalipa mara mbili, tupigie mapema pamoja na nambari zote mbili. Usingoje kesho.

PIN yako haiandikwi kwenye tovuti, hata siku moja. Ombi la PIN linatokea kwenye simu yenyewe, juu ya kila kitu, likiwa na jina la biashara na kiasi. Soma vyote viwili kabla ya kuandika. Ukurasa wa tovuti wenye kisanduku cha "weka PIN hapa" ni mtego. Funga.

Tovuti nzuri si lazima iwe ya mtu mwema. Mwizi pia anaweza kupata alama 100. Zamani tuliambiwa tuangalie kufuli kwenye kivinjari. Kufuli ile ilimaanisha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, haikusema aliye upande wa pili ni nani, na wengi waliielewa vibaya. Chrome iliiondoa kwenye toleo la 117, Septemba 2023, ikaweka alama nyingine. Kwa hivyo kama bado unawafundisha wazazi wako "angalia kufuli", wafundishe "angalia jina kwenye ombi la PIN".

Mwisho, kitu kinapofungwa, matapeli huchangamka. Ukipata SMS inayosema kipimo kipya cha tovuti kimefika, lipia kidogo usajiliwe, puuza. Vipimo tulivyotaja hapa ni vya bure na havihitaji kujisajili.

Mama wa mapazia yuko wapi?

Yupo Nakuru, anauza. Picha zilirudi zote, nyepesi kuliko mwanzo. Fundi aliongeza ule ujumbe wa kusubiri uthibitisho. Alama yake ya kasi iko kwenye machungwa, siku zingine juu kidogo, siku zingine chini, na haimsumbui. Tulipompigia kumwomba ruhusa ya kusimulia kisa chake bila jina, tulimuuliza anapima vipi siku hizi.

"Nampa mjukuu simu yangu ile ya zamani namwambia aninunulie foronya," akasema. "Akimaliza bila kuniita, duka liko sawa."